Ombi Lililosema Ni Redempta

Redempta wa Itigi ana miaka arobaini na saba, na katika miaka yote hiyo watu wamekuwa wakimsemea. Alipokuwa binti kule Issuna, mwalimu alifika nyumbani kuuliza kwa nini mtoto haonekani shuleni. Baba yake alijibu kwamba mtoto mwenyewe hapendi shule. Redempta alikuwa nyuma ya zizi, akashangaa, maana ndiyo kwanza alikuwa anaipata habari hiyo. Alipoposwa, mjomba ndiye aliyemwambia padri "amekubali". Kliniki, mama mkwe ndiye aliyemweleza nesi maumivu yako wapi. Karani wa sensa alipokuja, mumewe Edward alimpunguzia miaka mitatu, kwa wema tu, kisha akasema kazi yake ni mama wa nyumbani. Wakati huo Redempta alikuwa amesimama palepale na ndoo ya masega, mikono imevimba kwa miiba ya nyuki.

Edward hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa nyuki. Kwa mwanamume wa Itigi hilo ni jambo la kuficha, kama mwingine anavyoficha kukojoa kitandani, kwa hiyo mke ndiye aliyeingia porini, akapanda miti, akatundika mizinga. Wanaume walimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili walionja asali yake wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza Edward anatumia mbinu gani. Edward akawaeleza mbinu.

Chama cha Warina Asali Upendo kilipogawa maeneo porini, kila mtu alitakiwa aende mwenyewe na kamati kuonyesha mizinga yake ilipo. Edward akapata homa ghafla. Ndivyo eneo namba kumi na nne lilivyoandikwa jina la Redempta, mizinga arobaini na miwili, na ndicho kitu pekee duniani kilichowahi kuandikwa jina lake. Edward alifariki miaka sita iliyopita, kwa homa ya kweli safari hiyo. Mdogo wake, Bonaventura, alilia kuliko wote. Alipomaliza kulia aliuliza eneo namba kumi na nne linarudi lini kwenye ukoo.

Huyu Bonaventura ndiye katibu wa chama. Anavaa kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Ukoo ulimwambia eneo ni la mjane, limeandikwa. Akanyamaza. Bonaventura akinyamaza ujue anafikiri, na hiyo kwake ni kazi ya miaka.

Mwaka juzi chama kikapata mfadhili, na mfadhili akataka mfumo. Zamani ukienda ofisini unaambiwa katibu hayupo. Siku hizi katibu yupo, mfumo ndio haupo. Fundi aliyeuleta aliitwa Chrispin, kijana wa Singida mjini mwenye viatu vyeupe, ambavyo Itigi ilivigeuza vyekundu kabla ya saa sita mchana. Aliweka boksi jeusi dogo kama redio kwenye rafu ya stoo, katikati ya ndoo za asali, akasema hiyo ndiyo seva. Kamati ikaiangalia kwa heshima. Siafu waliifikia wiki hiyohiyo.

Siku ya kuelezwa mfumo, zamu ya kupika chai ofisini ilikuwa ya Redempta. Chrispin alisimama mbele ya kamati na chaki mkononi.

"Kila mtu akibonyeza kitu kwenye simu, simu inatuma ombi kwa seva," alisema. "Ombi ni kama barua. Lina mwili na lina kichwa. Mwilini ni kile unachotaka: kusajili mzinga, kukabidhi eneo. Kichwani ni habari za ombi lenyewe, na hapo sisi tumeongeza mstari mmoja: mtumiaji ni nani."

"Safi kabisa," alisema Mzee Chediel, mwenyekiti, ambaye husema hivyo kila asipoelewa.

"Sasa, mlangoni kuna programu tunaiita mlinzi. Unaingiza namba yako ya siri, mlinzi anakuhakiki. Akiridhika, anaandika jina lako kichwani mwa ombi, analipeleka ndani. Seva haikuulizi tena namba ya siri. Inasoma kichwa tu. Ikikuta pameandikwa Redempta, inajua ni Redempta."

"Na asiyepita mlangoni?" Redempta aliuliza, birika mkononi.

Wote wakageuka. Chrispin akatabasamu kama mtu aliyeona mbuzi kaingia kanisani.

"Mama, kila mtu anapita mlangoni."

"Nauliza tu, baba. Mtu akaingia kwa nyuma, kichwa ameshakiandika mwenyewe, hiyo seva itajuaje?"

"Shemeji yangu anauliza kama mnaongeza sukari," Bonaventura alisema.

Watu wakacheka, chai ikanywewa, swali likafa. Lakini halikufia kila mahali. Redempta alipokuwa anakusanya vikombe alimwona Bonaventura amemvuta fundi pembeni, dirishani.

"Fundi, wazee wetu wanasahau namba za siri," alikuwa anasema. "Wengine wanaishi porini huko, simu haishiki. Na sisi huku tuna utaratibu wetu, mzee anasemewa. Mama mjane anasemewa. Sasa hii kompyuta yangu ya ofisini, isipitie huyo mlinzi. Iende kwa seva moja kwa moja. Nitakuwa naandika mimi jina la mwanachama hapo kichwani, namsaidia."

Chrispin akajikuna sikio. "Kitaalamu haifai, Katibu."

Ikaletwa ndoo ya asali ya lita kumi, ya miyombo, ile nyeupe. Kitaalamu ikaanza kufaa. Waya ukavutwa kutoka kwenye kompyuta ya katibu hadi stoo, na muhtasari wa kikao ukaandika kwamba chama kimeanzisha huduma ya kuwasemea wanachama. Mzee Chediel akasema safi kabisa.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Redempta alijifunza kupita mlangoni. Hajui kusoma, lakini tarakimu anazijua, za mizinga na za simu, na namba yake ya siri aliishika kichwani bila kumwambia hata binti yake Witness. Kila mara alipoiingiza, simu ilitoa mlio mfupi, naye alikuwa akiitika mwenyewe, kimoyomoyo, kama mtu aliyeitwa jina lake darasani.

Alhamisi moja, wiki ya kuanza kurina, alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Akampa Asnath, rafiki yake, ambaye wanarina pamoja na ambaye alifika darasa la saba.

Asnath akasoma, akasoma tena. "Mama Witness, umempa shemeji yako eneo lako?"

"Nimempa nini?"

"Inasema hivi. Ndugu Redempta, umefanikiwa kukabidhi eneo namba kumi na nne kwa Bonaventura. Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi. Asante kwa kutumia mfumo. Ujumbe umechelewa kufika tu."

"Jumatano saa nne nilikuwa wapi?"

"Juu ya mti. Mimi nilikuwa chini nashika kamba."

Redempta aliacha mahindi yake kwenye foleni. Alifika ofisini anahema, akamkuta Mzee Chediel nyuma ya meza na Bonaventura kwenye kompyuta yake, amenyooka mgongo kama mtu anayepigwa picha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, mama. Hongera kwa moyo huo."

"Moyo gani?"

"Wa kurudisha eneo kwenye ukoo. Katibu ametueleza. Wanawake wachache wana moyo huo."

"Sijarudisha kitu, Mzee. Sijabonyeza. Nilikuwa porini, simu haishiki hata ukipanda mti. Muulize Asnath."

Mzee Chediel akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, Asnath ni binadamu. Mfumo ni mfumo. Mfumo unasema ni wewe. Katibu, soma."

"Mtumiaji, Redempta," Bonaventura alisoma, taratibu, kwa sauti ya kanisani. "Imeandikwa hapa kichwani. Shemeji, umri unakwenda. Mtu unaweza kubonyeza ukasahau."

Redempta alimjibu kwa Kinyaturu. Maneno yenyewe si ya kuandikwa, ila yalimgusa mama yake Bonaventura na ng'ombe.

"Kama hujaridhika kuna utaratibu," Mzee Chediel alisema haraka. "Kurejesha eneo kunachukua miezi mitatu. Unajaza fomu, wanachama wawili wanakudhamini, kamati inakaa. Lakini Jumamosi ni mkutano mkuu, tutathibitisha makabidhiano yote. Baada ya hapo mwenye eneo ana haki ya kuondoa mizinga isiyo yake."

"Miezi mitatu! Msimu unaanza kesho kutwa, mizinga imejaa."

"Jumapili vijana wangu wataishusha polepole," Bonaventura alisema. "Nitakuwekea uani, shemeji. Haitaumia."

Mzinga wenye nyuki ukishushwa mchana na watu wasioujua, nyuki wanakufa au wanahama, na kundi likihama halirudi kwa kuitwa. Miaka kumi na tisa ya kupanda miti ingelala uani kama kuni. Redempta alijua hivyo, Bonaventura alijua hivyo, na kompyuta ilikuwa inawaka taa ya kijani.

Usiku ule hakulala, lakini hakulia. Alikaa anafikiri lile swali lake la birika. Mtu akaingia kwa nyuma, kichwa ameshakiandika. Alilikumbuka dirisha, ule waya, ndoo ya asali nyeupe. Aliona kwamba lile boksi la stoo halikuwa na kosa lolote jipya. Lilikuwa limefanya walivyofanya mwalimu, padri, nesi na karani wa sensa: lilisikia mtu anasema "Redempta amesema", likaandika.

Jumamosi mkutano ulijaa. Chrispin alikuja kwa ajili ya wageni wa mfadhili, viatu vyeupe vipya, akatundika shuka ukutani ili picha ya kompyuta ya katibu ionekane kwa wote. Mzee Chediel alihutubia kwa nusu saa. Alisema zamani chama kilikuwa na maneno ya huyu kasema na yule kasema, sasa mambo hayo yamekwisha.

"Mfumo hausemi uongo," alimaliza. "Mimi kama mwenyekiti naliapia hilo."

Redempta akasimama.

"Shemeji anasema anaunga mkono," Bonaventura alisema bila kugeuka.

"Sijasema kitu bado, Bonaventura."

Kicheko kikapita upande wa wanawake. Kumwita jina lake tupu, bila shemeji na bila Katibu, mbele ya wageni, ilikuwa ni kama kumvua kofia kwa fimbo.

"Mzee Mwenyekiti, umeapa. Nina ombi dogo kwa fundi. Fundi, hiyo kompyuta ya Katibu, tuma ombi kwa seva. Kichwani andika mtumiaji ni Chediel. Mwilini andika: nakabidhi eneo langu namba moja kwa Redempta."

Chrispin akaangalia upande wa Bonaventura. "Mama, hiyo haiwezekani."

"Haiwezekani au haifai?"

Akatazama viatu vyake.

"Mjaribie, kijana, tusonge mbele," Mzee Chediel alisema, amejiegemeza kwenye kiti, mikono juu ya tumbo. "Aone kwa macho yake ili akatulie nyumbani. Namba yangu ya siri naijua mimi na Mungu."

Mgeni mmoja wa mfadhili naye akasema ndiyo, hebu tuone. Bonaventura akainuka kidogo, akasema umeme unasumbua, akaambiwa akae. Chrispin akaandika. Watu wote wakaona kwenye shuka jina la Chediel likipanda juu, kichwani, herufi moja moja. Hakuna aliyeulizwa namba ya siri. Akabonyeza.

Simu ya mwenyekiti ikalia mfukoni mwa koti.

Mzee Chediel akaitoa, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Miwani ilikuwa mezani. Asnath, aliyekaa mstari wa mbele, akanyoosha mkono, akaipokea, akasimama ili amsomee vizuri.

"Ndugu Chediel, umefanikiwa kukabidhi eneo namba moja kwa Redempta. Jumamosi, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Asante kwa kutumia mfumo."

"Mimi?" Mzee Chediel alisimama, kiti kikaanguka. "Mimi sijabonyeza kitu! Nimekaa hapa! Watu wote wananiona!"

"Watu ni binadamu, Mzee," Redempta alisema. "Mfumo unasema ni wewe. Hongera kwa moyo huo."

Eneo namba moja liko karibu na reli na lina maji. Mzee Chediel alilipata siku ya kugawa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anagawa. Jasho lilimtoka palepale, na katika dakika moja alielewa habari za vichwa vya maombi kuliko alivyoelewa kwa mwaka na nusu.

"Fundi! Eleza! Hii ni nini?"

Chrispin akaeleza. Alieleza kwa sauti ndogo, Asnath akamwambia apaze. Kwamba seva inaamini jina lolote lililoandikwa kichwani. Kwamba ni salama pale tu kila ombi linapopitia kwa mlinzi. Kwamba kompyuta ya katibu haipitii kwa mlinzi.

"Huyo mlinzi ana orodha ya waliopita kwake?" Redempta aliuliza.

"Anayo."

"Ifungue Jumatano."

Ikafunguliwa ukutani. Jumatano walipita watu watano na Redempta hakuwamo. Jumamosi, Chediel hakuwamo. Kwa seva wote wawili walikuwa wamefika, wameomba, wameshukuriwa.

"Uliyajua haya toka siku ile ya chai?" Redempta alimuuliza fundi.

"Niliyajua, mama."

"Ukaacha."

"Katibu aliomba iwe hivyo."

Vichwa vyote vikamgeukia Bonaventura. Alikuwa amechomoa ile kalamu ya kuonekana, anaiangalia kana kwamba ndiyo yenye kosa.

"Nilikuwa naupima mfumo," alisema. "Kama una udhaifu. Na nimeugundua."

"Rudisha eneo langu," Mzee Chediel alimwambia Redempta. "Sasa hivi."

"Kurejesha eneo kunachukua miezi mitatu, Mzee. Unajaza fomu. Wanachama wawili wanakudhamini."

Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja alijitolea kumdhamini mwenyekiti, mwingine akamwambia asikurupuke, kwanza tumchunguze tabia. Mzee Chediel aliwatazama wageni, wageni wakatazama madaftari yao. Ikabidi kamati ikae palepale, pembeni ya shuka, na katika dakika saba ule utaratibu wa miezi mitatu ukafutwa kwa kura zote.

"Kwanza waya," Redempta alisema. "Halafu langu. Halafu lako."

Chrispin akaingia stoo, akachomoa waya. Kisha akakaa akaibadilisha seva isipokee ombi lolote ila lililotoka kwa mlinzi, na kumwagiza mlinzi kwamba mtu akija na jina alilojiandikia mwenyewe kichwani, alifute kwanza, ndipo aandike lile alilolihakiki. Asnath alishika saa: dakika ishirini na tano. Kazi ya dakika ishirini na tano ndiyo waliyokuwa wameilipia ndoo ya asali nyeupe isifanyike.

Ikawa zamu ya Bonaventura kurudisha eneo, safari hii kupitia mlangoni kama watu wengine. Mlinzi akamuuliza namba yake ya siri. Bonaventura akaingiza, ikakataliwa. Akaingiza nyingine, ikakataliwa. Ya tatu akafungiwa nje. Katika muda wote huo, yeye aliyewasemea wengine alikuwa hajawahi hata siku moja kuingia kwa jina lake mwenyewe. Akapangwa foleni moja na wazee waliosahau namba, nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo, ambaye alimwelekeza kwa upole mahali pa kuweka kidole ili apewe namba mpya.

Saa nane mchana simu ya Redempta ililia, Asnath akasoma: eneo namba kumi na nne limerudi. Redempta alimwambia asome tena. Ndipo akachukua simu, akamgeuzia mgongo kila mtu, akaingiza namba yake ya siri na kumrudishia mwenyekiti eneo lake, taratibu, kwa kidole kimoja, huku Mzee Chediel akihesabu kila mbonyezo kwa midomo.

Muhtasari wa mkutano uliandikwa jioni ileile. Unasema chama kinampongeza Katibu kwa kugundua udhaifu katika mfumo, na kinamwomba aendelee na moyo huo. Bonaventura bado ni katibu. Kuhusu Redempta muhtasari unasema mwanachama mmoja mwanamke aliuliza swali.

Kabla watu hawajatawanyika, Mzee Chediel alimshika Bonaventura mkono, akamleta mbele ya Redempta.

"Mama, haya ni mambo ya kifamilia. Mpeane mikono, yaishe. Sema umemsamehe."

"Amesamehe," alisema mzee mwingine wa kamati, tayari anafunga daftari.

"Sijasamehe," Redempta alisema. "Andika hivyo."

Yule mzee akatazama huku na huku, hakupata wa kumwambia vinginevyo, akafungua daftari, akaandika. Redempta alimwita Asnath aje asome kama kimeandikwa. Kilikuwa kimeandikwa. Akamwambia Asnath wawahi, kamba zinahitaji kuloweshwa kabla ya kupanda miti kesho. Wakaenda.